Fisi Ameshuka Basi

Fisi alishuka basi akiwa amekwishavaa kichwa chake.

Hilo peke yake lilimshangaza Iman. Hakuna mvaaji wa mavazi ya wanyama mwenye akili zake anayepanda basi na kichwa. Kichwa hubebwa mfukoni, huvaliwa mtu akifika, kwa sababu nyuma ya yale macho ya wavu mtu haoni hata vidole vyake vya miguu. Lakini fisi aliteremka mtaani Tyseley peke yake, akipapasa nguzo ya kituo, na manyoya ya miguuni yakiwa yamekunjamana kama soksi kubwa.

"Hamse," Iman alinong'ona, machozi yakimlenga. "Umekonda."

Alikijua kile kichwa kuliko alivyokijua chake mwenyewe. Alikichonga yeye kwa sponji, mezani kwake Erdington, majira ya baridi yaliyopita, Hamse akiwa pembeni anabandika madoa na kubishana. Wenzao walichagua mbweha, mbwa, dubu. Hamse aling'ang'ania fisi. "Mnyama anayesemwa vibaya na kila mtu," alisema, "lazima apate mtetezi." Hapo ndipo Iman alipompenda, ingawa hakumwambia.

Tangu Desemba Hamse hakupokea simu wala kujibu ujumbe. Neno lake la mwisho lilikuwa fupi: Umeniuza, Iman. Na kweli alimuuza. Yeye ndiye aliyemwonyesha Mama Hamse picha za vazi lile, dukani Coventry Road, akidhani mama atacheka. Mama hakucheka. Alikulia Eastleigh akisimuliwa habari za watu wanaojigeuza fisi, na jioni ile majirani wa Small Heath walimsikia akimfokea Hamse hadi ng'ambo ya barabara.

Lakini fisi huyu hapa, na Hamse hakuwa mtu wa kumwazima vazi lake hata ndugu yake wa tumbo moja. Iman akamshika mkono. Ndiyo iliyokuwa kazi yake siku zote, kumwongoza asije akatumbukia majini kwenye matembezi yao ya kando ya mfereji. Ndani ya vazi mtu hasemi, hiyo ni sheria ya kwanza, na Iman hakutaka kuivunja kwa papara. Kimya kingi kina mshindo mkuu, alijiambia. Atasema akiwa tayari.

Waliteremka ngazi hadi kwenye mfereji. Maji yalikuwa yamefunga utando wa barafu, na theluji ya jana ilikuwa bado kando ya njia. Wavaaji walishajaa, maana baridi ndiyo sikukuu yao; kiangazi mtu huiva ndani ya manyoya. Charanjit, aliyekuwa dubu, alimwona fisi akaja mbio na mikono wazi. Fisi alirudi nyuma, akajikunyata. Dubu akabaki amekumbatia hewa.

"Bado ana hasira," Iman alimwombea radhi.

Kisha fisi akaanza jambo ambalo Hamse hakuwahi kulifanya. Alimwendea kila mnyama. Alimshika mikono yote miwili, akaipapasa juu ya glavu za manyoya, halafu akasogeza pua hadi kwenye macho ya wavu na kuchungulia ndani. Mbweha, mbwa, kisha sungura, taratibu, na kila alipomwachia mmoja, mabega yake yalishuka kidogo.

Sungura alikuwa Rupa. Alivunja sheria, akasema kwa sauti ndogo, "Anatuaga huyu? Mimi naogopa."

Iman naye alianza kuogopa. Fisi alinukia udi, si ile dawa wanayopulizia manyoya. Halafu feni ndogo ya puani, ya kumpa mvaaji hewa, haikuwa ikilia. Iman aliingiza kidole chini ya taya, akakuta imezimwa. Hamse kasahau hata feni yake! Mle ndani pumzi zilikuwa zikikwaruza, pumzi za mtu aliyechoka. Aliiwasha.

Wa mwisho alikuwa paka mrefu, aliyesimama peke yake chini ya daraja. Fisi alipomwona alimkimbilia. Alijikwaa, akainuka, akamshika mikono, akachungulia. Akabaki vile vile muda mrefu, mpaka paka mwenyewe akajinasua kwa adabu na kwenda zake. Fisi akaketi chini kwenye theluji.

Iman alipiga magoti mbele yake. Hakuweza tena kungoja.

"Nisamehe, Hamse. Ni mimi niliyemwambia mama'ko. Halafu nikamwogopa. Wiki iliyopita kaja kunigongea mlango, nikajificha jikoni mpaka akaondoka. Lakini nilikuwa nashukuru, wallahi. Kila baridi ilipozidi nilijiambia, si kitu, Hamse yuko kwa mama'ke, ana joto."

Fisi aliinua mikono. Akakivuta kile kichwa upande upande, kama mtu asiyejua kinavyotoka.

Chini yake kulikuwa na shungi jeusi, limelowa jasho.

"Nimewashika wote, mwanangu hayumo," alisema Mama Hamse, akiyatazama maji. "Alipoondoka nyumbani aliliacha vazi hili. Na mimi, Iman, baridi ikizidi, nilikuwa najiambia ako kwako."