Steki Kilo Mbili

"Hii ni nini?" Madam aliuliza, akiifungua karatasi ya buchari.

"Ni steki, madam. Kilo mbili, vile ulisema."

Ilikuwa siku ya kwanza ya Nakhumicha jikoni kule Karen, na wageni walishafika sebuleni. Pale Dagoretti, mwenye buchari alimuuliza kama aikatekate, naye akamwambia akate vidogo vidogo. Nyama isiyo na mfupa ni steki, nani asiyejua?

Madam alidunga kipande kimoja kwa ncha ya kisu, akakiinua. Kilitoshana na kidole gumba. Tone la damu likadondokea sakafu nyeupe.

"Steki ni kipande kizima, kila mgeni na chake," alisema polepole. "Nakhumicha, ile hoteli kubwa uliniambia umechoma steki miaka sita, inaitwaje?"