Huku Chini

Polio ilimwachia Fotunata magoti ya kutembelea na kandambili za kuvaa mikononi. Asubuhi ya Noeli, katikati ya kanisa lililojaa, aliona migongo tu.

"Mama, tukuinue kwenye benchi ulione pango la Mtoto Yesu," katekista alimwambia.

"Niache hapa hapa chini, mwalimu. Watu wenyewe watanikuta huku."

Ikafika Kanuni ya Imani. Kwenye maneno "akapata mwili", kama ilivyo desturi ya Noeli, kanisa zima likapiga magoti. Migongo ikashuka, na Fotunata akamwona Mtoto amelazwa kwenye majani makavu, usawa wa macho yake.

"Umeona alivyoshuka mpaka huku?" alimnong'oneza katekista, aliyepiga magoti kando yake.

Watu waliposimama, katekista alibaki magotini. Fotunata akagonganisha kandambili juu ya kichwa, na vigelegele vikaanzia huko chini.