Kopi Haina Mgongo

"Futa, baba!"

"Sifuti!"

"Ni penseli tu, raba shilingi mia mbili..."

"Hata iwe ya bure! Pelagia, ule ni mwandiko wa mama yangu. Kaburi lake lenyewe halina hata jina."

Mwenye mashine ya kopi akaacha kubonyeza, akawaangalia. Baba na binti wakakifunika cheti kwa pamoja kama wezi wa kuku.

Cheti chenyewe kilikuwa cha kuzaliwa cha baba huyo, mzee Ambrosi: kazaliwa Usinge, muhuri, sahihi, kila kitu mahali pake. Shida ilikuwa nyuma. Siku cheti kilipoingia ndani ya nyumba isiyo na karatasi nyingine, bibi alikigeuza, akaandika mistari minne ya wimbo aliokuwa akimbembelezea mwanawe. Kwa Kirundi. Bibi alivuka mpaka akiwa msichana, akaolewa na Mnyamwezi, akazaa na kuzeekea hapa hapa. Lakini nani huko uhamiaji atakaa asikilize hadithi yote hiyo? Jirani yao alitaja tu kwamba bibi yake mwenyewe alitokea ng'ambo ya mpaka, akaambiwa asubiri uchunguzi. Huu mwaka wa tatu anasubiri.

Na Pelagia hakuwa na miaka mitatu ya kusubiri. Chuo cha uuguzi huko Uturuki kilimpa mpaka mwisho wa mwezi awe na pasipoti, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

"Basi huyo afande wa pasipoti nampa kopi," alisema. "Kopi haina mgongo."

Afande wa uhamiaji alikuwa mnene, mwenye miwani, anaimba puani huku akigonga mihuri. Mm-mm-mm, mm-mm... anafika mahali, anakwama, anaanza upya. Pelagia, jasho likimtiririka, alitamani ama amalize ama aache.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Orijino ya cheti cha baba iko wapi?"

"Kopi hiyo hapo, afande, imetoka safi kabisa."

"Binti, kwa kopi hata mimi ningezaliwa Ulaya. Leta orijino."

Ikabidi. Alikitoa cheti, akakilaza mezani mgongo chini. Afande akakilinganisha na kopi mstari kwa mstari, mm-mm-mm, akapapasa muhuri kwa kidole gumba, akaridhika. Akanyanyua kalamu.

Halafu, kwa mazoea tu, akakigeuza.

Kuimba kukakatika.

Alisoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akainuka, akaenda kufunga mlango. Akatia na komeo.

"Nani kaandika?"

Alitaka kudanganya, ulimi ukagoma. "Bibi yangu, afande."

"Yuko wapi?"

"Tulimzika Usinge."

"Na wewe lugha hii unaijua?"

Hapo akajua kwisha habari yake. Raba ya mia mbili! Mia mbili tu, na sasa baba yake mzima amekaa hapo nje na kofia mapajani, hajui kwamba huenda akaingia humu Mtanzania na kutoka mgeni.

"Ni wimbo tu, afande. Baba alikuwa akitubembelezea. Maneno mengine hata maana yake siijui, naapa!"

Afande hakurudi kwenye kiti chake. Alivuta benchi, akakaa karibu naye, akaanza tena ule wimbo wake. Safari hii aliutia maneno, yale yale ya nyuma ya cheti, polepole, kwa Kirundi kilichonyooka: mstari wa kwanza, wa pili, mpaka pale pale alipokuwa akikwama tangu asubuhi.

"Mama yangu alifariki hajanifundisha zaidi ya hapa," alinong'ona, jicho mlangoni. "Maneno yaliyobaki nimeyaona, sauti yake siijui. Hebu niimbie, mwanangu, nisikie unavyomalizika."