Aliyenyimwa Moto

Mate ya Masele yalitua kwenye kola ya Otmar. Otmar aliyafuta kwa kiganja, akakipangusa kiganja kwenye nyasi, kisha akauliza, "Na goti la Mama Lukresia, uvimbe umepungua?"

Masele, mkuu wa kijiji, hakukumbuka kumwambia mgeni huyu habari za goti la mkewe.

"Ondoka mlangoni kwangu, Msumbwa."

"Naondoka, Baba Lukresia. Mwambie nimemsalimu."

Otmar alitoka Ushirombo, kwa Wasumbwa, ambako wakulima wa pamba walikwisha kupata ushirika na mzani wao wenyewe. Hapa, kusini mwa Geita, pamba bado ilipimwa kwenye mzani wa mnunuzi, na mnunuzi ndiye aliyeusoma. Ili ushirika uruhusiwe hapa pia, bomani walitoa sharti moja: karatasi yenye alama za gumba za kaya hamsini, iwafikie kabla Julai haijaisha. Mtemi naye akamwita Masele pembeni. "Karatasi hiyo ikijaa kijijini kwako, kiti chako nampa mwingine."

Masele alikuwa amekikalia kiti hicho miaka kumi na sita. Siku ileile alipiga mbiu: anayekusanya watu bila kibali, jela miezi sita. Harusi, misiba na mashauri ya mila tu ndiyo yaliyoachwa.

Otmar hakukusanya mtu. Alitembea. Kijiji kilikuwa na kaya themanini na mbili, naye alifika kwenye kila moja mara tatu, mara nne. Wengine walimfungulia mbwa. Alirudi kesho yake akimwita mbwa kwa jina. Hakunywa pombe, hakupandisha sauti, hakubishana. Aliketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akasikiliza habari za ng'ombe aliyeharibu mimba, na juma lililofuata akauliza hali ya ng'ombe yuleyule.

"Ni mtu wa namna gani?" Mtemi aliuliza.

"Hana sauti, hana kimo, hana hasira. Ukimtukana, anakuuliza habari za nyumbani."

"Basi huyo atamshawishi nani?"

Kweli, hadi katikati ya Julai karatasi haikuwa na gumba hata moja. Kila kaya ilitoa jibu moja: nitaweka nikimwona jirani ameweka. Jirani akisema vivyo hivyo. Jibu hilo lilimfikia Masele, likampa usingizi mzuri.

Jambo moja tu lilimshangaza. Mseja huyo, asiye na jembe la kukokotwa wala ng'ombe jike, alinunua fahali mnadani, akamfunga nyuma ya kibanda alichopanga.

"Fahali bila jike!" Masele alimcheka mbele ya watu kisimani. "Afadhali mwenzako ana pembe."

Otmar alicheka pamoja nao. Kisha akamgeukia Bibi Febronia, aliyeijua mila kuliko wote, akaendelea kumwuliza mambo madogomadogo kama ilivyokuwa desturi yake: nani hurithi kinu cha marehemu, nani humwogesha mtoto mchanga, asiyeitikia yowe hufanywaje.

Siku nne baadaye, kulipopambazuka, fisi aliingia kwenye zizi la mbuzi. Yowe likapigwa. Wanaume walitoka na mikuki, wanawake na michi, hata wagonjwa walijikongoja mpaka mlangoni. Fisi alikimbia kinywa kitupu. Masele aliporudi alimkuta Otmar ameketi mbele ya kibanda chake, anabambua karanga.

"Yowe hukulisikia?"

"Nililisikia, Baba Lukresia."

"Na?"

"Sikuja."

Masele nusura acheke. Jua halijawa kali alikuwa amekwisha kutangaza hukumu: Otmar ametengwa. Asipewe moto, asijibiwe salamu, asichote maji mwingine akiwa kisimani. Akifa, ajizike.

Watu walitii. Dukani alinyimwa hata kiberiti. Kwa siku tisa alikula karanga mbichi na kuwasalimu watu waliompa visogo. Kila asubuhi Masele alipita kumtazama akikonda.

Siku ya kumi Otmar alikuja akapiga magoti uani kwake. "Nimeshindwa. Nitalipa fahali, kama mila inavyotaka."

"Na utakiri mbele ya watu."

"Mbele ya watu wote, Baba Lukresia."

Masele alitaka aibu hiyo iwe ndefu. Alikwenda mwenyewe mlango kwa mlango, kaya zote themanini na mbili. "Jumamosi, kila mwenye kaya. Asiyekuja atatengwa kama yeye. Na mkosaji akisimama, hakuna kuondoka, hakuna kumkatiza, mpaka mwenyewe aseme amemaliza. Atakayemkatiza, kosa linahamia kwake." Hakuruka mlango hata mmoja.

Jumamosi hiyo Julai ilikuwa imebakiza siku tatu. Fahali alichinjwa, nyama ikaliwa. Watu waliketi duara moja kubwa, kila mmoja akimwona jirani yake. Masele alihesabu wenye kaya. Walikuwa themanini na wawili.

Otmar alisimama katikati, koti likimpwaya.

"Mliniita, sikuja," alisema. "Hilo ndilo kosa langu, na nimelilipa."

Masele alitabasamu.

Otmar aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne na kikopo bapa cha wino wa mihuri. "Sasa niseme kilichonileta kwenu."

Masele aliruka wima, mdomo wazi.

"Keti, Baba Lukresia," alisema Bibi Febronia, akifuta mafuta ya nyama kwenye kidole gumba chake. "Hajasema amemaliza."