Kazi ya Kukamatwa

Ofelia Cantú alikuwa amelala kifudifudi ndani ya korongo, miiba imemnasa sketi, akisubiri kukamatwa kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Wamechelewa," alinong'ona Don Beto, aliyelala pembeni yake. "Kwa mwendo huu, mhamiaji wa kweli angekuwa keshafika mjini, keshaoa."

"Nyamaza, mzee. Tunatakiwa tuonekane tuna hofu."

"Hofu ninayo. Nalihofia goti langu."

Mbwa akabweka. Vijana wa kikosi kipya cha jimbo wakateremka korongoni wakipiga kelele, jasho likiwachuruzika. Aliyemfunga Ofelia mikono kwa kamba ya plastiki ni mwalimu wao, Sajini Pruitt. Kama kawaida yake, alipenyeza kidole kati ya kamba na ngozi, akaacha nafasi, maana alijua mama huyu ana baridi yabisi.

"Samahani, Bi Ofelia."

"Funga tu, mwanangu. Nimezoea."

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Gavana alisema serikali kuu imelala, basi jimbo litaulinda mpaka lenyewe. Ikaja seng'enge, yakaja maboya ya kuwazuia wavukaji mtoni, wakaja askari wasioweza kutofautisha njia ya mbuzi na njia ya mtu. Wakahitaji watu wa kufanyia mazoezi. Ghala la kufungasha vitunguu lilipofungwa, Ofelia, mzaliwa wa ng'ambo hii mwenye hati zake zote, akajiandikisha kuwa mhamiaji wa kuigiza. Kwa miaka miwili aliwaonyesha vijana wale kila mahali ambapo mtu aliyechoka anaweza kujificha. Alijilaza palepale alipojilaza mama yake zamani, alipovuka akiwa na mimba ya Ofelia, na vijana wale wakapajua. Aliona aibu. Aibu ile ilimchosha kuliko jua.

Asubuhi ile Pruitt alikuwa ametangaza mizunguko minne badala ya mitatu, watu wakaguna. Akawakumbusha pia sheria mpya ya jimbo: ukimbeba kwenye gari mtu asiye na makaratasi, kifungo ni miaka kumi.

"Mimi goti langu halinibebi hata mimi," Don Beto alimjibu, wote wakacheka.

Sasa mzunguko wa tatu ulipokwisha, Pruitt aliwakata kamba, akawaambia waende nyumbani.

"Na wa nne?" Ofelia aliuliza.

"Wa nne tutaumaliza wenyewe," sajini alisema, huku akizitazama buti zake.

Don Beto akachukuliwa na mpwa wake. Kwenye kiti cha pikapu ya Ofelia, waliyokuja nayo asubuhi, aliacha kizibao chake cha rangi ya machungwa, kile ambacho waigizaji huvaa zoezi likiisha ili wasikamatwe tena njiani. Ofelia alikisogeza, akawasha injini. Alichokitaka ni kuloweka miguu kwenye maji ya moto, basi.

Mwanamke mmoja akatokea nyuma ya tangi la maji ya ng'ombe. Suruali yake ilikuwa imelowa hadi kiunoni.

"Mama, nakuomba," alisema kwa Kihispania. "Nimevuka leo. Sina makaratasi. Nifikishe tu pale kanisani, dada yangu atakuja kunichukua."

Ofelia alimpa chupa ya maji. Yule mwanamke akapiga funda moja, akarudisha kizibo, akakikaza vizuri.

"Kunywa, mwanangu. Maliza yote."

"Yametosha, mama. Lakini unajua wakinikuta humu ndani watakufunga?"

"Najua."

"Na bado utanibeba?"

Ofelia alipiga hesabu. Miaka kumi. Angetoka akiwa kikongwe, kama angetoka. Aliitazama ile suruali inayochuruzika, akawafikiria wote waliokamatwa mahali alipopafundisha yeye, watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Mara moja tu, alijiambia. Mara moja tu niwe upande huu.

"Vaa hicho kizibao," alisema. "Ukiulizwa, wewe ni mwigizaji mpya. Unaitwa Lupe, umeanza leo, na magoti yanakuuma. Usisahau magoti."

"Sitasahau, mama. Asante."

Wakaondoka. Ofelia alishika usukani kwa nguvu hadi vidole vikamuuma. Walipokaribia barabara ya lami wakakuta kizuizi ambacho asubuhi hakikuwapo, na mbele yake amesimama Pruitt peke yake.

Ofelia alishusha kioo, akapiga miayo, miayo mizuri kabisa ya mtu asiye na la kuficha.

"Bado uko kazini, sajini? Nenda ukale, mwanangu."

"Nitakwenda. Huyo ni nani?"

"Lupe. Mgeni wetu, ameanza leo. Analalamika magoti kama Don Beto."

Pruitt aliinama, akamtazama abiria kwa muda mrefu. Uso wake ulikuwa umechoka kuliko wa Ofelia.

"Anaigiza vizuri," alisema.

"Vizuri mno. Mtamwajiri tena."

"Nilitumaini utamwacha kule, Bi Ofelia."

Yule mwanamke alikivua kizibao, akakikunja, akakiweka juu ya dashibodi. Kisha akasema, kwa Kiingereza cha watu wa kaunti hiihii:

"Mzunguko wa nne umekwisha, sajini."

Ofelia alishuka garini, akanyoosha mikono kwa mazoea, akisubiri kile kidole. Safari hii Pruitt hakukipenyeza.