Kanisa la Kwenye Friji

Madam amerudi Jeddah kutoka likizo. Hata sijamaliza kumfungulia mabegi yake, ananiita nitazame picha za visiwa vya kaskazini mwa Norwei.

"Tazama, Roselyne! Kanisa la mbao, la kale sana. Tulipanda boti mbili kulifikia."

Kanisa jeusi ufukweni. Jingine juu ya mwamba, bahari pande zote. Kisha yeye mwenyewe ndani, amewasha mshumaa, amefumba macho.

"Nilihisi amani," anasema.

Amani! Mwanamke huyu huyu alinikuta nikipiga pasi huku nikiimba wimbo wa kwetu kanisani, tena kwa sauti ya chini. Akafoka, "Halas! Nyumba hii mafi kanisa!" Yaani basi, hakuna kanisa hapa, kwa Kiarabu chao. Tangu siku hiyo napiga pasi kama bubu.

Sasa ananipa kisumaku: kanisa dogo lenye msalaba juu.

"Kibandike kwenye friji. Kizuri, sivyo?"

Nakibandika. Nakikandamiza kwa kidole gumba mpaka ncha ya msalaba inanichoma.

Kisha nawasha pasi, nafungua mdomo na kuimba kwa sauti yangu yote.

"Roselyne! Nilikwambiaje?"

"Mafi kanisa, madam. Sasa hilo nani amelileta?"