Fyuzi ya Ijumaa

Tangu mazishi, pikipiki ya marehemu mume wa Gesare ilikataa kuwaka, na mashemeji wakasema inamlilia mwenyewe.

Fundi kutoka Nyansiongo alipima betri, akasafisha plagi, kisha akafungua kikasha kidogo chini ya kiti. Kilikuwa kitupu.

"Mama, fyuzi haikuungua. Imetolewa."

Gesare nusura acheke. Kila Ijumaa, kabla jua halijatua, mume wake aliichomoa asije akashawishika kuipanda siku ya Sabato. Kumbe hata Ijumaa ile ya mwisho, kifua kikimbana, hakusahau.

"Alikuwa akiiweka wapi?" fundi aliuliza.

"Mfukoni, kwenye koti lake la kanisani."

"Basi lilete, mama."

Gesare hakuinuka. Alitazama udongo mwekundu kando ya migomba, ambao ulikuwa haujaota hata jani. Koti hilo ndilo walilomzika nalo.